Mchanga wa bahari kwenye lenta, nimkubalie fundi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kigamboni, nyumba imefika kwenye lenta (ule mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha na milango), fundi wangu anasema mchanga wa bahari ni sawa tu na wa mtoni, eti cha muhimu saruji isipunjwe. Kokoto nazo kaniletea zile nyeupe nyeupe za Kunduchi wakati tulielewana za Lugoba. Nimwache aendelee?

JIBU: Marahaba dada yangu. Mwambie asimame kwanza. Sisi wajenzi wengi tunahesabu mifuko ya saruji kwa macho makali afu mchanga na kokoto tunapokea chochote kilichoshushwa, wakati karibu robo tatu ya ujazo wa zege ni hivyo vitu viwili, saruji ni gundi ya kuvishikisha.

Ubaya wa mchanga wa bahari ni chumvi. Zege zuri linailinda nondo isipate kutu, sasa chumvi ikiwemo ndani ule ulinzi unaondoka, nondo inaanza kuliwa kimyakimya, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwahiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya pwani, chini ya lenta ya dirisha kulikuwa na ufa umenyooka kama umepigwa rula, umefuata nondo, na maji ya rangi ya kahawia yamechuruzika ukutani, nikagonga na nyundo ikalia kama debe tupu, kipande kikadondoka, nondo ya milimita 12 ilikuwa imebaki nyembamba kama penseli. Mama mwenye nyumba alikaa chini kabisa. Iliniuma sana maana alichookoa kwenye mchanga hakitoshi hata kulipa wa kubomoa.

Kuna watakaokuambia mbona majengo ya kale ya Kilwa na Zanzibar ni mawe ya matumbawe na bado yamesimama. Ni kweli, ila yale ni mawe na chokaa, hayakujengwa kwa nondo, chumvi haikuwa na chuma cha kula.

Kokoto sasa. Za Kunduchi asili yake ni hayohayo matumbawe, zina vitundu na zinanyonya. Jaribu mwenyewe hapo saiti: chukua moja ya Kunduchi na moja ya Lugoba, zote kavu, dondoshea kila moja tone la maji, ya kwanza inalinywa unaiona, ya pili tone linakaa juu linang'aa. Hayo maji inayoyanywa ndio saruji iliyatarajia, na jiwe lenyewe ni laini. Kwa zege jepesi la kusawazishia chini ya msingi sina ugomvi nazo, zimwagiwe maji tu kabla ya kuchanganya, ila lenta, nguzo na jamvi la sakafu dai Lugoba yako. Na hiyo Lugoba ikija usiangalie rangi peke yake, shika konzi moja: ziwe na kona kona, sio bapa kama vipande vya kigae, maana bapa zinalala, maji yanajificha chini yake na hapo ndio panakuwa dhaifu. Saizi ya robo tatu ya inchi inatosha, yani kama milimita 20, ichanganyike na ndogo ndogo zijaze nafasi katikati. Ikiwa kubwa inakwama kwenye nondo, mbao zikitolewa unakuta mapengo.

SWALI: Nipo Morogoro, mchanga wangu ni wa mtoni lakini ukiushika unachafua mkono. Nitajuaje kama una udongo mwingi?

JIBU: Tafuta chupa nyeupe inayoonyesha ndani, weka mchanga karibu nusu, jaza maji yenye kijiko kidogo cha chumvi (hii chumvi ni ya kulifanya tope litulie haraka, usiogope, huo mchanga utaumwaga), tikisa kwa nguvu afu iache masaa matatu bila kuigusa. Mchanga utalala chini, tope juu yake kama mkanda. Pima kwa rula, mchanga ukiwa sentimita 10 tope lisizidi milimita 8. Likizidi, rudisha au osha, maana lile tope linavalia punje kama shati, saruji inashika shati badala ya punje, na linataka maji mengi kwahiyo zege likikauka linasinyaa na kupasuka.

SWALI: Mvua imenyesha, mchanga umelowa. Fundi anaendelea na vipimo vilevile, mfuko mmoja, mchanga mara mbili, kokoto mara nne. Ni sawa kaka?

JIBU: Hapana. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba, punje zinaachana, ujazo unaweza kuongezeka hata kwa robo, kwahiyo karai linaonekana limejaa kumbe mchanga ni pungufu na zege linatoka na kokoto nyingi zisizofunikwa. Hata tripu ya fuso ukiinunua siku hiyo unanunua na hewa. Mwambie aongeze mchanga kidogo kwenye kila kipimo, na maji ya kuchanganyia ayapunguze kwasababu mengine tayari yamo humo kwenye mchanga.