Jibu: Laptopu inachaji mpaka ukunje waya

Mkuu, umeuliza kama laptopu inayokubali chaji pale tu unapokunja waya inahitaji chaja mpya. Usinunue bado. Azima ya jirani yenye volti zilezile na kichwa kilekile. Kama nayo inakatakata, tatizo ni tundu la chaji kwenye laptopu.

Tafadhali usiendelee kukunja au kuegemeza waya ili ikubali. Mimi nikiwa Kirumba, Mwanza, niliegemeza kichwa cha chaja kwa kipande cha boksi miezi miwili, mpaka usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipochomoa, pini ya katikati ilikuwa nyeusi na plastiki ya pembeni imevimba. Mguso mbovu unatoa cheche na joto, na joto likifika kwenye bodi kuu, bei ya matengenezo inapanda sana.

Muulize fundi kwanza: tundu lina waya wake, au limechomewa moja kwa moja kwenye bodi? Kwenye mashine nyingi lina waya wake. Anachomoa la zamani, anachomeka jipya, basi. Likiwa limechomewa, mara nyingi lehemu ndiyo imepasuka. Mulika tochi utaona kamstari kembamba kama unywele kakizunguka mguu wa pini. Hapo aondoe lehemu ya zamani yote, achomee upya. Akitaka kumwagia gundi tu, chukua mashine yako uondoke, hata kama umetoka Nyegezi na jua linawaka.

Betri ichomolewe kabla hajagusa chochote. Na mafaili yako yahamishie kwenye flashi leo hii, wakati bado inawaka.