Re: Mstaafu wa kiraia na kambi za jeshi

Dada, umeuliza kama baba mkwe, mtumishi wa kiraia aliyestaafu serikalini hapa Marekani, anaruhusiwa kuegesha RV (gari lenye sehemu ya kulala na kupikia) kwenye kambi za mapumziko za jeshi. Inategemea alikuwa wizara au shirika gani. Kama ni Ulinzi, kambi nyingi humpokea, ila kila mkuu wa kituo ana uamuzi wake, na wanajeshi walio kazini hutangulizwa. Achukue kitambulisho cha mstaafu wa kiraia, la sivyo ataishia getini.

Kama alikuwa Posta, kustaafu pekee hakumsaidii. Mimi ningempeleka kambi za Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, kandokando ya mabwawa. Zile ni za umma, na mwenye pasi ya wazee ya serikali kuu kwa mbuga na maeneo ya burudani (miaka 62 kwenda juu) mara nyingi hulipa nusu ya ada ya kambi.