Konveya ya minofu ya samaki: jibu kwa mkuu aliyeuliza kuhusu paipu za mraba

Mkuu umesema umepata tenda ya konveya (mkanda unaotembea) ya mita 4 ya kupitisha minofu, na fundi wako anasema paipu za mraba na mkanda wa PVC vinatosha kwa sababu "stenlesi haishiki uchafu". Nimekaa kwenye matengenezo ya viwanda vya samaki Mwanza miaka mingi tu, sehemu kubwa zamu ya usiku, na hiyo sentensi nimeisikia sana, halafu nikaja kuisafisha kwa mikono yangu.

Ngoja nikupe kisa. Kiwanda sitakitaja. Tulikuwa na mkanda mmoja baada ya meza ya kutoa ngozi, swabu za maabara, zile pamba za kufutia mkanda kupima vijidudu, zikawa zinarudi na listeria, bakteria anayeweza kuua mlaji. Tunaosha, tunapiga povu, tunapiga klorini, siku mbili safi, ya tatu imerudi. Mameneja wakawa wanawagombeza kina mama wa usafi kwamba hawaoshi, na mimi nilikuwepo nawaona wanavyoosha mpaka vidole vinakunjamana. Ikafika wiki ya tatu, nikawa nabadilisha kishikio cha geji ya pembeni (ule ukingo unaozuia minofu isidondoke), kile kinachofungwa kwa bolti iliyotobolewa moja kwa moja kwenye paipu ya mraba ya fremu. Nimetoa bolti tu, yakatoka maji ya kahawia, yananuka kuliko pipa la mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya kutolewa minofu. Yaani paipu nzima ilikuwa imejaa. Kila tukiosha maji yanaingia kupitia uzi wa bolti, kila mkanda ukitikisika yanadondoka kidogo kidogo kwenye upande wa mkanda unaorudi chini, unaenda kuyapandisha juu kwenye minofu. Wale kina mama hakuna aliyewaomba radhi, lakini hayo tuyaache.

Kwa hiyo kitu cha kwanza: usitoboe paipu yenye uwazi ndani. Kabisa. Ukitaka kufunga kitu, chomelea kipande cha chuma kigumu kwa nje halafu utoboe hicho. Bora zaidi fremu iwe ya bati nene lililokunjwa, wazi, unaona kila upande, au paipu za duara zilizozibwa ncha kwa kuchomelea mfululizo, sio doti doti. Kama ni lazima mraba, igeuze kona ikae juu, maji yateleze, maana mraba uliolala unatengeneza kameza ka kuwekea vipande vya samaki.

Listeria sio mdudu wa kuchezea. Ubaridi ambao tunautegemea kutunza samaki yeye anakua nao taratibu tu, na akishajijengea ule utando wake kwenye kona, klorini inapita juu kama maji kwenye jani la mgomba. Afrika Kusini 2017 na 2018 ilitokea kwenye polony, aina ya soseji nene, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa. Na sisi wa kanda ya ziwa tunajua soko likifungwa inakuwaje, waliokuwa kazini mwishoni mwa miaka ya 90 wanakumbuka Ulaya ilivyokuwa inazuia samaki wa Victoria.

Sasa mkanda wenyewe. PVC ya kawaida ndani ina kitambaa. Siku ya kwanza inapendeza, baada ya miezi pembeni inaanza kuchanika, nyuzi zinatoka, na nyuzi zinanyonya maji ya samaki kama utambi wa kibatari. Hapo huoshi tena, unafua. Ile ya vipande vya plastiki vilivyounganishwa kwa pini inavumilia kazi na kipande kikivunjika unabadilisha hicho tu, ila kila bawaba ni mfuko wa uchafu, inabidi uioshe pale inapozunguka kwenye sproketi, gurudumu la meno linalouvuta mkanda, maana ndo bawaba zinapofunguka. Ningekuwa na hela ningechukua mkanda wa poliyurethani, plastiki ngumu inayonyumbuka, ya kipande kimoja isiyo na kitambaa, yenye meno chini, ile inavutwa na meno kwa hiyo haihitaji kukazwa sana. Kiungo chake kiyeyushwe kwa joto, usikubali klipu za chuma hata kama umebanwa vipi, zinashika nyama na zikikatika zinaingia kwenye boksi la mteja. Rangi chukua bluu. Hakuna samaki wa bluu kwenye laini yako, kipande kikimeguka kinaonekana. Na ukiagiza sproketi waambie kabisa unatumia klorini, kuna plastiki kama asetali klorini inazila polepole.

Stenlesi nayo zipo na zipo. Daraja la 304 inafanya kazi lakini kwenye chumvi na klorini kila siku inatoboka vidoti vidoti, 316 inavumilia zaidi. Sehemu zinazogusa chakula kipimo cha mkwaruzo (Ra, yaani uso ulivyo laini) kinachotakiwa ni mikromita 0.8 au chini, na maweldi yasagwe yawe laini hivyo hivyo. Kona za ndani zisiwe kali, zipe mviringo wa angalau milimita 3, kidole kipite. Rola zenye uwazi ndani ni hadithi ileile ya paipu. Beringi zikae nje, ziachane na fremu maji yapite katikati, na grisi iwe ya daraja la chakula. Giaboksi usiiweke juu ya mkanda, siku sili, ile raba ya kuzuia mafuta, ikichoka mafuta yanashuka kwenye minofu.

Halafu hili ndo wachoraji wengi hawalifikirii kwa sababu saa 8 usiku wamelala. Anayeosha hana spana. Ukiweka geji zenye bolti 12, hazitafunguliwa, utake usitake. Weka vibano vya mkono, na ncha ya nyuma iwe na mkono wa kulegeza mkanda unyanyuke wote, chini kuonekane. Na weka ndoano kwenye fremu za kutundikia vile vipande vilivyofunguliwa! Bila ndoano vinalazwa sakafuni, karibu na mfereji, halafu vinarudishwa. Nimeshaona kwenye konveya ya bei mbaya kutoka nje, kila kitu kinafunguka bila spana ila pa kuweka hakuna.

Kuosha kwenyewe kwa kifupi: okota vipande kwanza pakavu, suuza na maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto maana protini inaiva na kuganda kama yai kwenye kikaango, kisha povu, sugua, suuza, dawa. Ile pampu ya presha kubwa ifiche, inarusha uchafu wa mferejini mpaka juu ya mkanda. Na asioshe mtu mkanda unatembea huku mkono uko karibu na sproketi, nina mwenzangu ana vidole vinane.

Mkanda wa poliyurethani utakuongezea gharama, sikufichi, lakini ukibanwa na bajeti punguza kwingine, hata urefu, fremu usiiguse. Kabla hujakata chuma tupia mchoro hapa tuuone, wa upande wa chini. Ule wa juu hata usihangaike nao.