Kisu cha samaki: stenlesi au chuma cha zana?

Kisu changu cha D2, aina ya chuma kigumu cha kutengenezea zana, kilishika kutu usiku mmoja. Nilikuwa nimepasua nguru wanne mashuani, nikakipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, nikakirudisha kwenye ala yake ya ngozi. Asubuhi nilipokichomoa, nimeshafika nyumbani Lamu, kandokando ya makali palikuwa na vidoa vya hudhurungi. Nilipovisugua, vikaacha vishimo kama vya sindano. Na aliyeniuzia aliniapia kuwa ni stenlesi.

Kwa hesabu hakuwa mbali. Chuma huitwa stenlesi kromiamu, metali inayochanganywa humo, inapofika kama asilimia 10.5, na D2 inayo kama 12. Lakini D2 ina kaboni nyingi pia, karibu asilimia 1.5, na kaboni hiyo hushikana na kromiamu ikafanya chembe ngumu ajabu. Chembe hizo ndizo zinazofanya makali yake yadumu. Kromiamu iliyokwisha kushikwa humo haikingi tena kutu; inayokinga ni iliyobaki huru, ambayo hutandaza utando mwembamba usioonekana juu ya chuma. Kwa hiyo ukinunua, ulizia na kaboni.

Vyuma vya zana kama O1 havina hata ulinzi huo wa nusu, wala visu ambavyo wahunzi hufua kwa springi za lori. Bibi yangu alikuwa na kimoja cha springi. Akimaliza kupaa samaki hukiosha kwa maji ya jabia, hukikausha kwa ncha ya kanga, kisha hupitisha kidole chenye mafuta ya nazi toka mpinini hadi nchani, pande zote mbili. Kilikuwa cheusi chenye ubuluu, na sikuwahi kukiona na kutu. Ukikipitisha kwenye kinoo mara chache tu, kinaingia kwenye mnofu wa samaki changu bila kusukumwa. Ndimu tu ndiyo aliyokataza tuikate nacho, kwa sababu huacha ladha ya chuma.

Wengi husema stenlesi haina makali. Sikubali. Vile vya bei rahisi huwa na kaboni kidogo, ndiyo maana hunoleka haraka na kuwa butu haraka. 440C ni stenlesi, ina kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama 17, na ikiwa imechomwa na kupozwa vizuri hukata siku nzima. Kuinoa tu ndiko kunataka subira.

Kwa hiyo wavuvi wenzangu, baharini chukueni stenlesi yenye kaboni ya kutosha. Mama wa jikoni mwenye desturi ya kukausha kisu chake, kile cha springi hakitamwangusha. D2 yangu sasa naitumia nchi kavu, kukatia kamba.

Hata stenlesi isuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hutoboa ule utando. Wala msiilaze kwenye ala ya ngozi. Ngozi hunywa maji ya bahari ikayahifadhi, na kisu hulala humo kikiwa kimelowa usiku kucha.