Tulimfichia baba maji

Usiku ule baba aliamka mara sita kwenda kukojoa, na kila akirudi alikunywa maji kama mtu aliyetoka shamba. Mara ya saba hakuwahi. Asubuhi godoro lilikuwa limelowa chapachapa, mama hana nguvu tena, na mimi, kifungua mimba, nikatoa uamuzi: kuanzia magharibi baba asipewe maji. Nikaliondoa jagi kando ya kitanda, nikaificha na ndoo ya maji ya kunywa. Siku ya pili yake alikuwa akimwita mama kwa jina la marehemu shangazi, midomo imepasuka, ulimi mkavu. Naandika kwa sababu ya siku zile mbili.

Baba alikuwa na saratani ya mapafu. Iligundulika miezi minane nyuma, baada ya kikohozi ambacho wote tulikiita TB. Alikuwa amemaliza kemo, zile dawa kali za kuua saratani, na kifua kimetulia. Alipoanza kuchoka, kusikia baridi mchana wa Februari hapa Dar es Salaam na kusukuma sahani hata ya samaki, tukasema ni kansa, au ni dawa. Mgonjwa wa kansa akishapata jina la ugonjwa wake, kila kinachomsumbua hutupiwa humo humo. Ilipokuja kiu, tukadhani kisukari. Kwenye zahanati moja walimtoboa kidole, sukari ikasoma 5.4, tukaambiwa mzee hana tatizo, turudi nyumbani. Kwangu mimi ile 5.4 ikawa ushahidi kwamba maji anayataka kwa mazoea tu.

Hospitalini, daktari wa zamu aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Anakojoa lita ngapi kwa siku?" Tulitazamana. Akatupa chupa yenye alama za vipimo. Kwa saa 24, akiwa anarudishiwa maji taratibu kwa dripu na kwa mdomo, zilitoka lita saba na nusu, nyeupe kama maji ya bomba. Mtu mzima kwa kawaida hutoa lita moja hadi mbili. Zikipita tatu, kuna jambo. Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, ilikuwa 158, wakati mwisho wa kawaida ni kama 145. Kule kuchanganyikiwa kulitokana na ukame niliomletea mwenyewe. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari.

Ni tezi ndogo kama punje ya njegere, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Sehemu yake ya nyuma huachia vasopresini, homoni inayoziamuru figo zisimwage maji ovyo. Sehemu hiyo hupata damu moja kwa moja kutoka kwenye mishipa mikubwa, ndiyo maana mbegu za saratani zinazosafiri kwenye damu mara nyingi hutua huko kwanza. Ile ya mbele hupata damu iliyokwisha kupita kwingine. Saratani kufika hapo ni nadra, lakini ikifika, mara nyingi chimbuko ni matiti au mapafu. Vasopresini ikikosekana, figo humwaga na kiu hukimbizana nazo. Maji ndiyo yaliyokuwa yakimweka baba hai, nami nikayafungia.

Kwa hiyo nakusihi: kama unauguza mtu mwenye saratani ya mapafu au ya matiti, akaanza kunywa na kukojoa kupita kiasi na sukari iko sawa, usimnyime maji hata kama analowesha kitanda. Tandika nailoni, weka ndoo ya kukojolea karibu. Pima mkojo wa mchana na usiku kwa chupa ya lita moja, andika kwenye daftari pamoja na alichokunywa, nenda nalo hospitali. Ukisema "anakojoa sana" watakusikia nusu. Namba ya lita hawawezi kuipita. Omba wapime sodiamu na homoni, kuanzia kotisoli, ile inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa.

Kotisoli ndiyo iliyotushangaza zaidi. Ule uchovu na ile baridi havikuwa kemo: sehemu ya mbele ya pituitari, inayoamuru kotisoli itengenezwe na tezi ya shingo ifanye kazi, nayo ilikuwa imezimika, na tezi ya shingo ikapoa pamoja nayo. Daktari alianza na haidrokotisoni, dawa ya kurudisha kotisoli, akaeleza kwamba dawa ya tezi ya shingo ikitangulia kabla ya kotisoli kurudishwa inaweza kumwangusha mgonjwa vibaya. Alituonya pia kwamba mkojo utaongezeka, kwa sababu upungufu wa kotisoli huficha upungufu wa vasopresini. Kweli, baba alikaa kitandani akaomba uji, na mkojo ukapanda. Bila lile onyo ningedhani dawa inamuua.

Alipoanza vidonge vya desmopresini, dawa inayoshika nafasi ya vasopresini, alilala mpaka adhana ya alfajiri. Mama alisimama mlangoni akimsikiliza anavyopumua. Lakini dawa hiyo nayo ina hatari yake. Mgonjwa akiendelea kunywa kwa mazoea ya zamani, maji hujaa mwilini na sodiamu hushuka: kichwa humuuma, hutapika, hata degedege. Tuliambiwa anywe kwa kiu yake tu, na sodiamu ipimwe mara kwa mara.

Haidrokotisoni haiachwi ghafla, hata siku moja. Akipata homa, dozi huongezwa, na akitapika kidonge anahitaji sindano siku hiyo hiyo. Muombe daktari akuandikie mpango huo kwenye karatasi, kisha nakala ikae kwenye pochi ya kila anayemuuguza. Sisi tulinusurika mara moja kwa karatasi hiyo, saa nane usiku, mbele ya nesi ambaye hakuwa akitujua.

Macho pia. Baba alikuwa akigonga bega kwenye kizingiti, tukasema uzee. Mishipa ya macho hupishana juu kidogo ya tezi hiyo. Uvimbe ukiisukuma, mtu huanza kupoteza pande mbili, anaona katikati tu. Simama mbele yake, nyoosha mikono yako pande zote mbili, chezesha vidole, muulize anaona nini. Kama haoni, au kope imeanguka, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Baba alipigwa mionzi siku kumi, na upande wa kulia ulirudi kiasi cha kutosha kumwona mjukuu akimnyemelea.

Aliishi miezi tisa baada ya hapo. Sikuwahi kumwomba radhi kwa ajili ya yale maji mpaka mwezi wa mwisho. Aliniambia hakumbuki kabisa, akaniomba nimsogezee jagi.