Tundu nimelichora, mbona programu haijaliona?

SWALI: Shikamoo mzee, kamwene. Nina miaka miwili kazini tangu nimalize chuo, na sasa niko Makambako tunasanifu ghala la baridi la parachichi. Juu ya chumba cha kupangia maboksi kuna sakafu ya mitambo, inabebwa na bimu za chuma za IPE 300 (umbo la I, kimo milimita 300) zenye urefu wa mita 6. Mzigo wake, ukiwa umekwisha kuzidishwa kwa usalama, ni kilonyutoni 20 kwa kila mita. Kwa kuwa dari ni fupi, mtu wa majokofu anataka mfereji wa hewa upenye ndani ya bimu: tundu la mstatili la milimita 400 kwa 200, milimita 700 kutoka kwenye nguzo. Nimelichora kwenye programu ya michoro, nikahamishia jengo lote kwenye programu ya mahesabu. Bimu imenepa milimita zile zile, rangi ya kijani ile ile, yaani imepita. Nimerudia mara tatu. Kibovu ni programu au ni mimi? (Mhandisi mchanga, Makambako)

JIBU: Marahaba binti yangu, kamwene. Wote wawili ni wazima, ila hamjaongea.

Programu ya michoro inajua maumbo. Ukikata tundu, inaona chuma kimepungua, na orodha ya kukatia vyuma inabadilika. Programu ya mahesabu, kwa bimu za kawaida, haijui umbo. Kwake bimu yako ni mstari kati ya nodi mbili, yaani ncha zake, na mstari huo umebeba kitambulisho: jina IPE 300, eneo sentimita za mraba 53.8, ukinzani wa kupinda (ile I yenu) sentimita za kipeo cha nne 8,356, aina ya chuma, basi. Ulipohamisha jengo, kilichosafiri ni mstari na jina. Tundu lilibaki kwenye michoro. Mtu akiwa ameng'olewa meno manne, kitambulisho chake kinaendelea kusoma jina lile lile na tarehe ile ile ya kuzaliwa.

Sasa, kabla hujatafuta kitufe cha kuiambia programu, chukua karatasi. Mimi nimeifanya hesabu yako hapa Uyole nyuma ya risiti ya mbolea, ikatosha.

Anza na kupinda. Ule ukuta wa kati wa bimu, ambao mimi huuita tumbo, una unene wa milimita 7.1. Ukilitoboa katikati kwa kimo cha milimita 200, I inapungua kwa 473 kati ya 8,356, yaani chini ya asilimia 6. Umekula theluthi mbili za kimo cha bimu na kupinda hakujali, kwa sababu kazi ya kupinda inafanywa na flanji, zile pleti pana za juu na chini. Hata kama programu ingeliona tundu, kunepa kungebadilika kidogo tu. Hapo ndipo vijana wengi hupumua na kusema mambo shwari.

Nguvu ya kukata, ile inayotaka kuikata bimu wima kama mkasi, haiko hivyo, maana mwenye kazi hiyo ni tumbo. Ukihesabu na unene wa flanji, lilikuwa na kimo cha milimita 300, sasa zimebaki 100: 50 juu ya tundu na 50 chini yake. Theluthi mbili zimekwenda. Kwa bimu yako, milimita 700 kutoka kwenye nguzo, nguvu ya kukata ni kama kilonyutoni 46, na kile kilichobaki kinaweza kubeba zaidi ya 110. Bado tuko salama. Lakini kuna jambo la tatu ambalo barua yako haikulitaja, na ndilo litakalokuangusha.

Pale kwenye tundu bimu si bimu tena. Ni vijiti viwili vya umbo la T, kimoja juu kimoja chini, vimeshikwa ncha zote mbili kama fremu isiyo na vyuma vya mshazari. Arthur Vierendeel wa Ubelgiji alijenga madaraja ya namna hiyo, na jina lake limebaki kwenye tabia hii. Nguvu ya kukata ikitaka kuvuka tundu, kila T inapindwa huku na huku, na pembe nne za tundu ndizo zinazoumia. Momenti (msukumo wa kupinda) ya kila pembe ni nguvu ya kukata mara urefu wa tundu, gawanya kwa nne. Kwako: 46 mara 0.4 gawanya kwa 4, unapata kilonyutoni-mita 4.6. Hiyo T yako ndogo, kwa chuma cha S275 (kinachoanza kulegea kwa nyutoni 275 kwa milimita ya mraba), ikikamuliwa mpaka mwisho inatoa kama 3.06, na hapo sijaondoa mgandamizo unaoipitia kutokana na kupinda kwa bimu nzima. Tundu hilo, mahali hapo, halifai. Na programu yako ilikuwa imelipaka kijani.

Badili umbo sasa, liwe duara la kipenyo cha milimita 200, mahali pale pale. Kwenye duara T haiwi nyembamba kwa urefu wote. Ni nyembamba katikati tu, kisha inanenepa. Miongozo ya Uingereza inaruhusu kulihesabu duara kama mstatili wenye urefu wa 0.45 ya kipenyo, yaani milimita 90. Momenti inashuka hadi karibu 1.04. Chuma kinatosha na nafasi inabaki.

Najua mtu wa majokofu atalalamika kwamba duara moja halipitishi hewa yake. Ni kweli, mstatili wake una sentimita za mraba 800 na duara lina 314. Mpe matatu: 700, 1,200 na 1,700 kutoka kwenye nguzo. Hapo kati ya tundu na tundu kunabaki milimita 300 za chuma kizima, kipenyo kimoja na nusu, na kila moja unaweza kulihesabu peke yake. Akisisitiza mstatili, usogeze kuelekea katikati ya bimu. Ukiuweka mita 2.5 kutoka kwenye nguzo, nguvu ya kukata ni 10 tu na momenti ya pembe ni 1.0. Kule mgandamizo ndani ya T ni mkubwa, umepunguza uwezo wake hadi karibu 2, lakini inapita. Hesabu pia siku ambayo mtambo wa upande mmoja umeondolewa kwa matengenezo, maana mzigo ukikaa upande mmoja nguvu ya kukata katikati haiwi ndogo tena. Na miguu ya mtambo isikae juu ya tundu.

Tena muulize: hiyo 200 ni pamoja na sponji ya kuzuia baridi isipotee, au ni bati tupu? Nimeona mara mbili tundu limekatwa kwa kipimo cha bati, fundi akafika na mfereji uliokwisha kuvikwa, haupiti. Akachukua grenda.

Kuhusu programu yenyewe. Wengi huikata bimu vipande vitatu na kile cha katikati hukipa kitambulisho kilichopunguzwa, eneo dogo na I ndogo. Usiishie hapo. Utapata kunepa kunakokaribia usahihi na kujiamini kusiko sahihi, kwa sababu mstari mmoja, hata uukondeshe vipi, hauwezi kupinda kama T mbili. Ukitaka mistari, chora miwili: T ya juu na T ya chini, kila moja mahali pa kitovu chake. Kwa bimu yako ni kama milimita 9 kutoka uso wa nje wa flanji, hivyo kati yao kuna 282. Zifunge ncha zake kwa viungo vigumu kwenye bimu nzima. Ni kazi ya nusu saa, na utaiona momenti ya pembe kwa macho yako. Njia ya pili ni kuichora bimu yote kwa pleti zilizogawanywa vipande vidogo vidogo. Ni nzuri, lakini kwa ghala lenye bimu arobaini utazeeka.

Nakuandikia kirefu kwa sababu tundu kama hilo nililiruhusu mimi. Miaka ya 1990, kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi, nikiwa na miaka kumi kazini na kiburi cha miaka thelathini. Fundi bomba alinipigia simu ya mezani kwamba bomba la mvuke limegonga bimu, anaomba kutoboa. Nikamuuliza, tundu kubwa? Akasema dogo tu mzee. Nikasema haya. Udogo wake ulikuwa wa kupitisha ndoo, limekatwa kwa gesi, kona nne kali kama za dirisha, hatua moja kutoka kwenye nguzo. Na juu yake kulikuwa na feni kubwa ya kukaushia inayotetemeka usiku na mchana. Baada ya miezi kadhaa mama mmoja mfagizi akamwambia msimamizi kuna unywele kwenye chuma, haufutiki. Ulikuwa ufa, umeanzia kwenye kona ya tundu, urefu wa kidole. Tulizima feni, tukaweka miti chini ya bimu, tukachimba kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, tukauchomelea, tukaziviringa kona, na tukachomelea pleti za kulala juu na chini ya tundu, zimepita mbele ya kona kila upande. Gharama ilimhusu mwenye kiwanda. Aibu ilikuwa yangu.

Mitambo yako ya majokofu nayo inatetemeka. Kwa hiyo hata mstatili utakaopita kwenye hesabu, kona zake ziviringwe.

SWALI: Mzee, mimi ni fundi mkuu wa karakana Mafinga. Tunatengeneza kenchi za ukumbi. Vyuma vya mshazari ni engo (chuma cha umbo la L) 60 kwa 60 kwa 6, vinafungwa kwa bolti moja ya M16, yaani ya kipenyo cha milimita 16, kila ncha. Mhandisi kanionyesha kwenye kompyuta kwamba kila engo inabeba kilonyutoni 190 za kuvuta. Mimi si msomi, lakini bolti moja? (Fundi, Mafinga)

JIBU: Fundi, moyo wako umesoma kuliko kompyuta. Hiyo 190 ni ya engo nzima isiyo na tundu: milimita za mraba 691 mara 275. Bolti ya M16 inataka tundu la 18, linaondoa 108, inabaki 583. Mwambie mhandisi wako kwamba programu nyingi zina kizidishio cha eneo lililobaki baada ya matundu, kwenye programu ya STAAD.Pro kinaitwa NSF, na asipokigusa kinakaa kwenye 1, maana yake hakuna tundu. Akiweka 0.84 atapata kama 180, atafurahi, na bado atakuwa amekosea.

Engo imeshikwa mguu mmoja tu, mguu wa pili unaning'inia. Kwa bolti moja, Eurocode 3, kanuni za Ulaya za majengo ya chuma, inahesabu kile kipande cha kati ya tundu na ukingo, mara mbili. Kama tundu lako liko milimita 35 kutoka mgongoni, ukingoni zimebaki 25. Toa 9 ambayo ni nusu ya tundu, zidisha kwa 2, kwa unene 6, kwa nguvu ya kukatika 430, gawanya kwa 1.25. Unapata kilonyutoni 66. Kutoka 190! Na bolti yenyewe, ikiwa ya daraja la nguvu 8.8 na nyuzi zake ziko pale inapokatwa, inatoa kama 60.

Ukiweka bolti mbili zilizoachana milimita 45 kwa urefu wa engo, engo inafika kama 80. Zikiachana 90, inafika 140. Chuma ni kile kile, ni nafasi tu, kwa hiyo ongezeni pleti ya kiungo iwe ndefu. Vyuma vinavyogandamizwa havipunguzwi kwa tundu lililojazwa bolti, isipokuwa tundu likiwa pana kupita kawaida au refu badala ya duara. Matundu yatobolewe kwa drili, usiwaruhusu vijana kutumia gesi.

SWALI: Nasoma uhandisi hapa Mbeya. Nimechora pleti yenye tundu kwa vipande vidogo, ukingo wa tundu umekuwa mwekundu, mkazo (nguvu kwa kila milimita ya mraba) mara tatu ya pleti nzima. Nikigawa vidogo zaidi kwenye tundu la mraba, namba inazidi kupanda. Nisimamie wapi? (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Ile tatu ya duara ni ya kweli, Kirsch wa Ujerumani aliipata kwa kalamu mwaka 1898. Kwa mzigo uliotulia, chuma laini kitalegea kidogo pale ukingoni na kugawana na majirani, usiongeze unene kwa sababu ya doa jekundu la milimita tano. Kwa mzigo unaorudia rudia, hilo doa ndilo la kuangalia kwanza. Duara ukiligawa zaidi namba inatulia karibu na tatu. Kona kali haitulii kamwe, itapanda kila ukigawa, kwa sababu umeichorea ncha isiyo na upana. Ipe kona mviringo wa kipimo ambacho fundi ataweza kukikata, kisha endesha upya. Na safari ijayo nitumie namba, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Macho haya sioni tena nyekundu inaishia wapi.