Nichukue upinde wa paundi 60 ama wa 45?

Swali: Fundi, habari ya leo. Binamu yangu anaishi Pennsylvania huko Marekani na ameniambia niende mwezi wa kumi tuwinde swala kwa upinde, ule wa zamani mrefu, sio hizi za mapulei. Kuna jamaa hapa Nairobi anauza mbili zimetengenezwa kwa mkono, mmoja ni mbao tupu umeandikwa 60 (paundi za nguvu ya kuuvuta), mwingine umepakwa faibaglasi umeandikwa 45. Mi ni mtu wa futi 5 inchi 7, jim naenda, na huo wa 60 niliuvuta bila shida. Nichukue huo ama? (Msomaji, South B)

Jibu: Ndugu yangu, usilipe kitu bado. Hiyo "bila shida" yako ndio inanipa wasiwasi, maanake najua vile uliujaribu, umesimama hapo kwa jamaa, mwili uko moto, mnapiga stori, ukavuta mara mbili tatu ukaona uko fiti. Sasa kuwinda sio hivo. Huko utakaa juu ya mti masaa matatu bila kusonga, na baridi ya asubuhi ambayo Limuru ni mchezo, alafu swala akitokea utavuta mara moja tu, misuli imelala, pole pole asikuone, pengine umejipinda kiuno, na uushikilie hapo sekunde kadhaa mpaka ageuze ubavu. Ile kompaundi ukiivuta hadi mwisho pulei zinakubebea mzigo mwingi, lakini huu wetu haukubebei kitu, pale mwisho ndio uko mzito kabisa.

Kwa hivo muombe huyo jamaa akuachie zote mbili ulale nazo hata kama ni kwa deposit. Asubuhi ukiamka, kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, vaa jaketi nzito, kaa kwa stuli, weka mshale, lenga gunia lililojazwa nguo kuukuu, vuta mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, hesabu hadi nne ndio uachilie. Mkono ukitetemeka, ama mabega yakipanda kwa masikio, huo upinde sio wako, achana nao. Na jim sawa, inasaidia kiasi, lakini misuli ya kuvuta upinde iko huku nyuma katikati ya mabega na kubeba vyuma umelala chali haiigusi sana. Mi mwenyewe nikiwa kijana nilijitengenezea wa 65, kiburi tu, bega likanisumbua karibu miezi mitano, na nikabaki na tabia ya kuachilia mshale kabla sijafika mwisho, na hiyo tabia kuitoa ilikuwa kazi kuliko bega.

Alafu ujue hiyo namba iliyoandikwa inapimwa upinde ukivutwa inchi 28. Nyoosha mikono yote miwili, pima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawa kwa 2.5. Kwa mtu wa urefu wako utapata kama 27 hivi, na kila inchi unayokosa inakupunguzia paundi 2 ama 3, so wa 45 kwako ni kama 42, 43. Sheria ya Pennsylvania inataka upinde usipungue 35, kwa hivo uko ndani, na 42 kwa swala wao wa mkia mweupe inatosha kabisa ukimpiga kutoka mita 15 na kigumba, yaani ile ncha ya mshale, ni kikali. Mita 30 hapana, hata na wa 60.

Najua kuna mtu ataniuliza, na Waata je? Ni kweli, wazee wa Tsavo walikuwa wanavuta zaidi ya paundi 100 na wakiangusha ndovu, lakini hao walianza na vipinde vidogo wakiwa watoto, na mshale wao ulikuwa na sumu ya msunguti, ile inasimamisha moyo. Wewe unategemea makali peke yake. (Na kwa vile tuko Kenya niseme tu, uwindaji ulipigwa marufuku 1977, so mazoezi yako ni kwa gunia, sio digidigi wa shamba la mtu.)

Mbao ama faibaglasi? Mi natengeneza za mbao tupu na nazipenda kuliko kitu chochote, lakini kwa safari yako ningechukua ule mwingine. Mbao inanywa unyevu, utatoka hapa na jua ukanyeshewe huko, na upinde wa mbao ukilowa unalegea, hapo mshale unaanza kuanguka chini ya pale ulizoea. Wenye faibaglasi haujali sana.

Kabla ya kulipa, uangalie bila ugwe. Ulaze juu ya meza, ukiwa umejipinda sana kufuata upande wa ugwe umechoka. Weka ugwe sasa, tazama kutoka ncha moja, ugwe upite katikati kabisa, ukienda pembeni ujue mkono mmoja wa upinde umepinda. Pitisha kucha upande wa tumbo, ule unaokuangalia ukivuta, ukisikia vimistari vyembamba vya kukatiza kama makunyanzi ya ngozi, hiyo mbao imeshaanza kuvunjika ndani na hakuna gundi itaiokoa. Muulize pia ncha zimeimarishwa ama la, kama hazijaimarishwa tumia ugwe wa Dacron peke yake, hizi nyuzi mpya zisizovutika zinapasua ncha. Na muuzaji akivuta akaachilia ugwe bila mshale kukuonyesha vile unalia, wewe aga uende zako.

Bajeti usiimalize kwa upinde. Mishale ndio watu wengi wanakosea, kwa sababu upinde huu hauna pengo la katikati la kupitishia mshale, mshale lazima ujipinde uuzunguke ndio unyooke tena huko mbele, na ukiwa mgumu sana ama laini sana unaenda kando hata kama umelenga poa. Uzito tafuta kama greni 10 kwa kila paundi, kwako ni 430 hivi, karibu gramu 28. Kigumba cha makali mawili, ukinoe mpaka kinyoe nywele za mkono.

Kitu cha mwisho ni ndege. Upinde wa inchi 68 ni sentimita 173, na mashirika mengi yanataka mzigo urefu, upana na kimo vikijumlishwa visipite 158, so utalipa. Nunua paipu ya plastiki ya inchi 4 kwa hadiwea, ufunge na blanketi, na upigie ndege simu mapema. Leseni na kozi yao ya uwindaji muachie binamu akufuatilie.

Ukishafanya ile ya asubuhi nitumie video, ipigwe kutoka ubavuni nione kiwiko, na usinidanganye eti hujakunywa chai.